Jiko la Upande wa Kushoto

Fundi wa meno bandia hakuwa mtu wa michezo, ndiyo maana watu walishangaa kumwona, na miaka yake sitini na minne, ameinamia meza anaunga nyambizi ya plastiki. Wenzake pale maabara walimtania mpaka wakachoka. Walimwita Admirali. Walimwuliza meli yenyewe itazama lini, na kama kuna nafasi ya kumpakia mama mkwe asirudi. Yeye alicheka nao, akafuta vumbi la plasta kwenye miwani, akarudi kwenye taya la mtu lililokuwa mbele yake. Sababu ya kuunga nyambizi hakuwaambia, kwa kuwa haikuwa ya kuchekewa.

Sababu ilikuwa mama yake. Miaka thelathini na moja iliyopita mama yule alilala kitandani siku arobaini na moja, akafa. Siku zote hizo aliyemgeuza ubavu, aliyemwosha na kumlisha kwa kijiko alikuwa Fundi, mtoto wa pili. Mtoto wa kwanza, Kaka, hakuja kuuguza wala hakuja kuzika. Alikuwa baharia wa nyambizi. Alipopelekewa habari kwamba mama ni mgonjwa, alijibu kwa barua fupi: "Tunazama Jumatatu. Huko chini barua haifiki wala mtu hatoki. Mwambie mama aniombee." Akatokea wiki mbili baada ya mazishi, ndevu zimemjaa, akalia kwa sauti kubwa juu ya kaburi. Nani angemlaumu? Mtu aliye chini ya bahari utamwitaje? Ukoo mzima ulimpa pole, tena ukamwonea fahari. Fundi naye alimpa pole, lakini rohoni alibaki na kinyongo, na alijichukia kwa kinyongo hicho, maana hakuona kama ana haki nacho.

Basi siku alipoliona lile boksi kwenye dirisha la duka, miguu iligoma kuendelea. Picha ya juu ilikuwa nyambizi ya aina ileile ambayo Kaka alisema ameitumikia miaka kumi na mmoja. Ukiiunga yote inafika urefu wa mita moja, na ubavu mmoja unaachwa wazi ili mtu aone vyumba vya ndani: mitambo, meza ya kulia, vitanda vya mabaharia. Mpango wa Fundi ulikuwa mwepesi. Angeiunga. Kaka angemwonyesha kitanda alicholalia siku zile arobaini na moja. Angechukua mtu mmoja kati ya wale watu wadogo waliomo ndani ya boksi, kila mmoja mrefu kama kipande cha juu cha kidole gumba, amlaze pale, amtazame mpaka kinyongo kiishe. Alitaka kusamehe, ila alitaka kuona kwanza anachokisamehe.

Mkewe alipoona boksi linaingia mlangoni alisema, "Wenzako wakizeeka wananunua mbuzi."

Ndani ya boksi kulikuwa na fremu kumi na nne za plastiki ya kijivu, na kwenye fremu hizo vipande mia tatu sitini na kitu, kila kimoja na namba yake. Kazi ni kukikata kipande, kukwangua kovu pale kiliposhikana na fremu, kupiga msasa, kupaka rangi, kisha gundi. Vyombo alikuwa navyo, vilevile alivyochongea meno ya watu. Na desturi ya kazi yake ya meno aliibeba mpaka kwenye meza hiyo: hakigandishwi kitu kabla ya kujaribiwa kikavu. Meno unayapanga kwanza kwenye nta. Mgonjwa anauma, anasema maneno mawili matatu, unayatoa, unakwangua, unarudisha. Ukiharakisha hapo, umemharibia mtu kinywa, na kila akila atakukumbuka kwa ubaya.

Kaka alipoambiwa alifurahi mpaka tumbo likamcheza. Alikuwa na miaka sitini na minane, mtu wa sauti kubwa na mikono mikubwa. Mtaani walimwita Kapteni, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu. Harusini, msibani, popote palipo na kipaza sauti, lazima angekishika, na lazima angefika baharini. Alikuwa anasimulia jinsi mabaharia wanavyofunga uzi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine meli ikiwa juu, uzi umekazwa, na wakifika chini sana uzi unalegea wenyewe kwa vile maji yanavyoibana meli. Watu walikuwa wanashika vifua.

"Mdogo wangu, hapo umenifanyia jambo," alisema. "Nyumba yangu hiyo! Nitakuonyesha kila kona. Ila nipe kwanza hiyo karatasi ya maelekezo nikae nayo kidogo. Macho na kumbukumbu, vyote vimezeeka."

Karatasi ilikuwa na hatua thelathini na mbili, kila hatua na mchoro wake. Ilikaa kwa Kaka siku nane. Ilirudi na alama ya kikombe cha chai kwenye kona, na Kaka akarudi nayo amejaa hadithi mpaka zinammwagika.

"Jiko hili hapa," alisema, akigonga hatua ya kumi na tisa kwa kidole. "Kushoto, ukitazama mbele. Na ngazi ya kutokea juu inashukia papo hapo, juu ya jiko kabisa. Kwa hiyo kila tukishuka, viatu vimelowa, uchafu wote unamwangukia mpishi kwenye sufuria. Alikuwa anatutukana yule mtu, we acha tu! Miaka kumi na mmoja nimekula matope."

"Na kitanda chako?" Fundi aliuliza.

Kaka aliacha kucheka. "Nyuma ya ukuta wa jiko, hapa. Kile cha chini. Joto la jiko lilikuwa linanipasha mgongo." Akavuta pumzi. "Siku zile za mama nilikuwa hapa, mdogo wangu. Nimelala hapa, naangalia chuma, nafikiria nyumbani."

Fundi alichukua penseli akaweka alama ndogo pale kwenye karatasi. Machozi yalimlengalenga, na hakuona haya. Alijiona yuko karibu kufika.

Habari haikukaa. Mdomo wa Kaka haukuwa na mlango. Haukuisha mwezi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi waliyosoma wote wawili alikuwa ameshapata taarifa. Shule ilikuwa inafungua chumba cha kusomea vitabu. Ingekuwaje, mwalimu akasema, kama nyambizi hiyo ingewekwa humo kwenye kasha la kioo, na mwanafunzi wa zamani aliyeitumikia akaja kuwa mgeni rasmi? Kaka alikubali hapohapo. Aliyekuwa anaiunga alikuja kuambiwa baadaye, kama mtu anayearifiwa kwamba kuku wake ameshachinjwa.

Kikwazo kilitokea kwenye hatua hiyohiyo ya kumi na tisa. Kipande cha jiko kilikuwa na mguu wa mraba. Tundu la upande wa kushoto lilikuwa la duara. Fundi alijaribu mara ya kwanza, akajaribu ya pili. Mtu mwingine angeupiga ule mguu tupa kidogo, akatia gundi, akaendelea na maisha yake. Fundi hakuzoea kulazimisha kitu. Alilipeleka jiko upande wa kulia, likaingia lenyewe, likakaa kama jino la asili. Kipande cha choo, ambacho karatasi ilikipeleka kulia, mguu wake ulikuwa wa duara. Alikijaribu kushoto, kikaingia nacho. Akakaa akavitazama. Kisha akawaandikia watu wa kiwanda.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Walimshukuru. Walisema ni kweli, kwenye karatasi za toleo la kwanza mchoro wa hatua ya kumi na tisa umekosewa, jiko na choo vimebadilishana nafasi. Walimpelekea ukurasa uliosahihishwa, pamoja na picha ya zamani iliyopigwa ndani ya nyambizi yenyewe. Jiko lilikuwa kulia. Kushoto kulikuwa na choo, na ngazi ilishukia mbele ya mlango wa choo, hatua mbili nzima kutoka kwenye sufuria ya mtu yeyote.

Fundi aliisoma barua hiyo mara mbili, amesimama katikati ya maabara na taya la plasta mkononi. Jambo la kwanza alilofanya ni kumtetea ndugu yake. Miaka thelathini ni mingi. Kulia na kushoto mtu anaweza kusahau, hata yeye kuna siku huanza kuvaa kiatu cha mguu usio wake. Sawa. Lakini matope kwenye sufuria je? Na yule mpishi anayetukana? Hilo si jambo la kusahau upande, hilo ni jambo ambalo ama lilitokea ama halikutokea, na kwenye meli ya kweli lisingeweza kutokea hata mara moja. Kichekesho kile kiliwezekana mahali pamoja tu duniani, kwenye karatasi iliyokosewa. Na kitanda nacho? Kama Kaka alilala pale alipoonyesha, basi ukuta uliompasha mgongo miaka kumi na mmoja ulikuwa wa choo.

Mwenzake mmoja alimwuliza, "Admirali, vipi, meli imezama?" Fundi alimtazama kwa namna ambayo yule mtu hakurudia tena utani huo.

Jumapili asubuhi, zikiwa zimebaki siku sita sherehe ifike, alikwenda kwa Kaka. Ukutani sebuleni kulikuwa na picha zilezile alizozijua maisha yake yote: Kaka kijana, sare nyeupe, amesimama gatini, nyambizi nyuma yake. Zilikuwa tano. Kwa mara ya kwanza Fundi aliona kwamba katika zote tano amesimama gatini. Picha za ndani haziruhusiwi, Kaka alikuwa akisema, ni siri za jeshi.

"Kaka, niambie tena. Jiko lilikuwa upande gani?"

"Si nilikwambia? Kushoto! Na yale matope..."

Fundi aliweka mezani karatasi ya zamani, ukurasa mpya, na ile picha.  Alikuwa amezoea kumsubiri mgonjwa aume.

Kaka alivaa miwani. Aliangalia ukurasa, akaangalia picha, akarudi kwenye ukurasa. Uso ulimshuka taratibu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaendelea kuifuta ilipokwisha kuwa safi.

"Nilikuwa dobi," alisema.

"Nini?"

"Dobi wa kambi. Nilikuwa nafua nguo zao." Sauti ile kubwa ilikuwa imekwenda wapi, hata haijulikani. "Wiki ya pili ya mafunzo walituingiza kwenye chumba cha chuma, wakafunga mlango, wakaongeza hewa kidogokidogo ili waone nani ana kifua cha kazi. Nilipiga kelele, mdogo wangu. Nilipiga kelele mpaka wakafungua. Wakaniambia, rudi kwenu, au kuna nafasi udobini. Ningerudi na nini? Mama alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe anakwenda chini ya bahari."

"Na zile hadithi?"

"Za wenye nguo. Wakija kuchukua mashuka yao wanaongea."

Fundi alizikusanya karatasi zake mezani. Alikuwa na swali moja tu, lilelile lililomfanya anunue boksi, na sasa aliogopa kuliuliza.

"Zile siku arobaini na moja. Ulikuwa wapi?"

"Kambini."

"Juu? Nchi kavu?"

"Ndiyo."

"Mwendo gani kutoka nyumbani?"

Kaka aliinamisha kichwa. "Saa sita kwa basi."

Saa sita. Mtu angekunywa chai asubuhi kule na akamkuta mama kabla jua halijazama. Fundi alikwenda kwanza dirishani, kwa sababu alijua akifungua mdomo wakati ule yangetoka mambo yasiyorudishika.

"Kwa nini hukuja?" alisema mwishowe.

"Nilikuwa nimeshaandika kwamba tunazama. Ningetokeaje tena?"

"Ungesema safari imeahirishwa!"

Kaka aliinua uso. Alionekana kama mtu aliyetajiwa jibu la hesabu rahisi miaka mingi baada ya mtihani.

"Sikulifikiria hilo," alisema.

Na hapo ndipo Fundi alipokasirika kweli. Angekuwa na ndugu mkatili, angejua la kufanya. Angemchukia, basi. Lakini mama amekufa anamngoja mtu, na mtu mwenyewe amekaa juu ya rundo la mashuka akisubiri uongo wake umalizike, eti kwa sababu hakulifikiria! Fundi alisimama. Alisema Jumamosi haendi, na nyambizi haiendi, na kila aliyeko kwenye ukoo ataujua ukweli kabla ya jua kutua.

Kaka alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Alikuwa analia sasa, kimya, si kile kilio cha makaburini.

"Usiseme wewe. Niachie niseme mwenyewe. Jumamosi, mbele ya wote. Nikishika kipaza sauti nitasema yote, dobi na saa sita na kila kitu. Ukinisemea wewe nitakuwa nimeumbuliwa. Nikisema mwenyewe nitakuwa nimetubu. Nipe hilo tu."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la mama."

Fundi alimtazama. Roho yake haikuwa ya jiwe. "Sawa," alisema. "Na mimi nina langu la kukiri juu ya mama. Nitaanza mimi, ili usione aibu peke yako."

Hilo lake ni hili. Siku ya thelathini na kitu, akiwa anambadilishia mama mto, mama alimwambia kwa sauti ndogo, "Kaka yako hayuko majini. Mtoto yule tangu mdogo hawezi kukaa chumba kilichofungwa mlango. Yuko mahali. Mtume mtu akamwambie aje tu, sitamwuliza kitu." Fundi alikuwa hajalala siku tatu. Aliisikia kauli ile kama tusi kwa mtu aliyeko hatarini, akamgombeza. Alimwambia mama aone haya, mwanawe anateseka kwa ajili ya nchi na yeye anamzulia. Alipaza sauti. Mama aliyekuwa hawezi hata kujigeuza alisema, "Nisamehe, mwanangu," na hakumtaja tena Kaka mpaka alipokata roho. Miaka thelathini na moja Fundi hakumwambia mtu jambo hilo. Alijifariji kwamba angalau alikuwa upande wa haki. Sasa hata faraja hiyo imeondoka.

Alimweleza mkewe yote jioni ileile, kwa mara ya kwanza. Mkewe alimsikiliza akichambua mchele, na alipomaliza alikuwa ameacha kuchambua.

"Shemeji atakuruka," alisema.

"Ameapa kwa kaburi la mama."

"Kaburi hilo alilichimba nani, wewe au yeye?"

"Atasema. Hukumwona alivyolia."

"Nimemwona akilia tangu niolewe," mkewe alisema, akarudi kwenye mchele wake. "Haya. Mimi sisemi."

Fundi aliimalizia nyambizi wiki hiyo kama alivyotakiwa. Jiko alilitia kulia, choo kushoto. Vitanda alivigandisha vyote, na wale watu wadogo akawabakiza kwenye fremu yao, hakumlaza hata mmoja. Ilipendeza. Hata akiwa na uchungu aliona imependeza, na hilo nalo lilimuudhi.

Jumamosi asubuhi chumba kipya kilinuka rangi. Wanafunzi walikaa sakafuni, wazazi nyuma, na ndugu wa familia kwenye viti vya mbele. Katikati yao alikaa mama mdogo, ndugu pekee wa mama aliyebaki hai, miaka themanini na mbili, mkongojo kati ya magoti. Kaka alivaa suti. Nyambizi ilikuwa mezani, ubavu wake wazi, na kasha la kioo pembeni likisubiri kuifunika. Mwalimu mkuu alisema kabla ya mgeni rasmi ingekuwa vizuri aliyeitengeneza aseme mawili matatu.

Fundi hakuwa mtu wa vipaza sauti. Alikishika kwa mbali, wakamwambia asogeze. Akamtazama Kaka, Kaka akaitikia kwa kichwa kumpa moyo.

"Nimeiunga hii kwa ajili ya mama yetu," alisema. "Alipokuwa mgonjwa alikuwa anamtaka Kaka. Nilimwambia yuko chini ya maji. Hakuamini. Nikamgombeza. Mama yangu akiwa kitandani, nilimpigia kelele, mpaka akaniomba yeye msamaha. Mimi ndiye niliyekosa. Nimekuja kulisema leo mbele yenu, na ndugu yangu naye ana lake. Basi."

 Wanafunzi walielewa tu kwamba wakubwa wamebadilika nyuso. Mama mdogo aligeuza kichwa taratibu.

"Wewe?" alisema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Dada yangu yuko mahututi, wewe ukampigia kelele? Na sisi tukakusifu miaka yote hii?"

 Fundi alikuwa amelitarajia hilo, na aliona ni halali yake. Alimpa Kaka kipaza sauti akarudi nyuma hatua moja, akasubiri.

Kaka alisimama. Alitoa kitambaa akajifuta paji la uso, akaangalia watu. Aliangalia safu ya mbele, akaangalia wanafunzi waliokuwa wamemkodolea macho, akaangalia picha yake gatini ambayo mwalimu mkuu alikuwa ameikuza na kuitundika ukutani. 

"Ndugu zangu," alianza, na sauti ilitetemeka kweli. "Kuna jambo zito. Nimelibeba moyoni miaka mingi."

Fundi alifumba macho. Sema, alimwomba kimoyomoyo. Sema, kaka yangu, yaishe.

"Siku zile mama anaumwa," Kaka aliendelea, "mimi nilikuwa..." Akanyamaza.  Mtu mmoja nyuma akaanza kulia kwa huruma, na kilio kile ndicho kilichoharibu kila kitu, maana Kaka alikisikia, na Fundi aliona kabisa mabega yake yakinyanyuka na ile sauti ya siku zote ikimrudia. "Nilikuwa chini ya maji. Mita mia mbili. Sikuwa na njia ya kujua mama yangu anatendewa nini. Leo ndiyo nimejua, pamoja nanyi. Inauma. Siwezi kuwadanganya, inauma sana. Lakini huyu ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Mbele yenu wote, mbele ya mama mdogo, nasema nimemsamehe."

Makofi yalipasuka. Wanafunzi walipiga kwa furaha ya kuruhusiwa kupiga kelele. Kaka alikuja na mikono yake mikubwa akamkumbatia Fundi, akamkandamiza kifuani, na kwenye sikio lake akamnong'oneza, "Sikuweza. Mdogo wangu, sikuweza."

Fundi alisimama ndani ya mikono ile kama gogo. Angesema nini sasa? Aseme huyu mnayempigia makofi alikuwa dobi? Dakika moja iliyopita lingekuwa ukweli. Sasa lingekuwa kijicho cha mtu aliyekwisha kukiri mwenyewe kwamba alimtesa mama yake, anamtupia matope aliyemsamehe. Kule nyuma mkewe alikuwa amesimama tayari, mkoba begani, anamwita kwa macho watoke.

Lakini mwalimu mkuu alikuja na kasha la kioo na bisibisi, akasema kwa upole, kama anavyosemeshwa mgonjwa, kwamba hakuna mwingine anayejua linavyofungwa. Fundi aliinama akalifunga. Lilikuwa na skrubu nne, akazikaza zote nne, na ya mwisho akairudia kwa kuwa ilikuwa imeingia upande.

Alipoinuka watu walikuwa wanatoka. Mama mdogo alikuwa anahangaika na kiti, anahitaji mkono wa kuinukia. Fundi alimpa wake. Mama mdogo aliutazama, akausukuma kando kwa mkongojo, bila hasira, akamwita Kaka aje amwinue.